Mtu Aliyevua Kofia Gizani

Inspekta Annegret Lohse aligombezwa hata kabla hajakunja mwavuli. Ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi, mvua ya Septemba inamwagika, naye ndiyo kwanza anaingia mlango wa nyuma wa Jumba la Maigizo la Mji wa Merzenau. Mzee Pagel, bawabu, alitoka kwenye kibanda chake cha kioo, akamwinamia bega la kushoto, akatema mate makavu mara tatu.

"Ptu, ptu, ptu! Heri iwe nawe, Inspekta. Maana sisi tumekwisha."

"Asante, Mzee."

Pagel akajishika kichwa kwa mikono miwili. "Loo! Asante tena! Una kiti humu miaka kumi na mmoja, safu ya saba, namba kumi na nne, unakoroma kila sehemu ya pili, na hili hulijui? Mtu akikutemea heri humu ndani, unafunga mdomo. Ukimshukuru, umeirudisha heri ilikotoka."

"Mimi nimekuja kutafuta mwizi. Sikuja kuigiza."

"Humu kila mtu anaigiza. Futa miguu upite."

Kilichoibwa kilikuwa daftari. Najua utacheka: polisi wa jinai waache majambazi wakimbilie daftari! Hata sisi tungecheka, lau lingekuwa la mtu mwingine. Hili lilikuwa la Roswitha Tschirner, msimamizi wa jukwaa. Kwa miaka thelathini na nne amekaa kwenye meza yake pembeni mwa jukwaa, mbele yake vitufe vya kila namna, akiamuru kila kinachosogea: taa izime, pazia lipande, boriti ya chuma ishuke na mandhari yake kutoka juu. Asipobonyeza yeye, hata mlango wa mbao haufunguki. Ishara zote za mchezo mpya, mia mbili na kumi na mbili, zilikuwa ndani ya daftari hilo, kwa penseli, kwa mkono wake, na nakala hakuna. Kompyuta zipo, si kwamba hazipo. Bi Tschirner hazitaki, na wa kumwambia azitake hajazaliwa.

Na mchezo wenyewe ni wetu. Mkurugenzi alikuwa amechukua watu arobaini wa mjini, wala si waigizaji, akawapandisha jukwaani wasimulie jinsi kiwanda chetu cha kauri kilivyofungwa, kila mmoja kwa mdomo wake. Tiketi zilikwisha kwa siku mbili. Mimi mwenyewe nilisimama foleni na mafua yangu. Ufunguzi wa msimu ulikuwa Jumamosi. Jumatatu madiwani wangepiga kura: tubaki na jumba letu na waigizaji wetu, au lifungwe, tuwe tunaletewa maonyesho kutoka miji mikubwa kama wagonjwa wanaoletewa uji. Diwani mmoja alikwisha kusema gazetini kwamba jumba lisiloweza kufungua msimu wake halina haja ya kuwa na mlango. Na fundi mkuu wa mitambo alikuwa ameapa: bila daftari, hasogezi boriti hata moja juu ya vichwa vya watu. Humo jumbani ndimo watu wa Merzenau walimosimama mara ya kwanza wakasema wazi wanachotaka, mwaka ule ukuta wa Berlin ulipoanguka. Kulipoteza jumba lile kwa sababu ya daftari la penseli ingekuwa aibu ya kufa nayo.

Mkurugenzi, Florian Achterberg, mtu wa Hamburg, alikuwa amepotewa na sauti kwa kupiga kelele mazoezini. Alimpokea Lohse ofisini kwa kunong'ona.

"Ni Kosanke. Andika: Hartmut Kosanke."

"Bado sijauliza."

"Basi uliza, nikujibu ni Kosanke."

Lohse alitoa daftari lake la shule, lile la mistari, akaketi. "Kosanke ni nani?"

"Yumo kwenye kwaya ya wananchi, wale arobaini wanaosimulia. Alikuwa mchoraji kiwandani. Jana mchana kwenye mazoezi boriti moja ilishuka kabla ya wakati wake. Ilitua mbele ya pua yake, hivi." Achterberg alionyesha shubiri moja. "Akapiga ukelele kwamba mchezo huu hautachezwa mpaka ajulikane aliyetaka kumuua. Akaondoka. Leo asubuhi daftari halipo. Unataka nini zaidi?"

"Boriti ilishukaje?"

"Jamaa wa juu, anayeshusha boriti, anasema taa yake ya ishara iliwaka. Mafundi wanachunguza waya."

"Na leo asubuhi?"

Achterberg aligeuza kompyuta yake. Juu ya jukwaa ipo kamera ndogo inayoona gizani, ili Bi Tschirner ajue nani amesimama wapi taa zikizimwa. Usiku kucha ilikuwa haijazimwa. Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, kwenye picha ya kijivu isiyo na uso, mtu alitokea upande wa kushoto, koti refu, kofia kichwani. Akasimama ukingoni mwa jukwaa. Akavua kofia. Akavua koti. Akavitia mkononi, akavuka jukwaa, hatua kumi na mbili, bila tochi, akatoka nje ya picha kuelekea kwenye meza. Dakika moja baadaye alirudi vilevile, vitu mkononi, na alipofika ng'ambo akavivaa tena.

"Kofia," akanong'ona Achterberg. "Hapa kila mtu anatembea na mwavuli. Mwenye kofia ni Kosanke peke yake."

"Rudisha nyuma." Lohse aliangalia mara ya pili, mara ya tatu. "Kwa nini kaivua?"

"Labda alisikia joto."

"Saa kumi na mbili asubuhi, na joto la jengo halijawashwa?"

"Inspekta, mwizi ni mwizi. Mimi nataka daftari."

"Na mimi nataka kujua mwizi gani huvua koti anapoingia kuiba badala ya kulikumbatia."

Bi Tschirner alikuwa amekaa mezani pake, mikono imelala pale palipokuwa na daftari. Alikuwa mwembamba, miaka sitini na mbili, nywele fupi nyeupe, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi. Sauti yake mji mzima unaijua, maana ndiyo inayotuambia kwenye spika tuingie tukakae. Uso wake wachache wanaujua.

"Lilikuwa daftari la namna gani?" Lohse aliuliza, akiandika.

"Jekundu. Jalada gumu, limefungwa kwa mpira."

"Mara ya mwisho uliliona lini?"

"Jana jioni. Nililifunga, nikaliacha hapa, kama siku zote."

"Leo uliingia saa ngapi?"

"Mzee Pagel ameniandika saa mbili na nusu."

Lohse aliinua macho, akayainamisha tena. "Mlango wa pembeni, ule usiopita kwa Mzee Pagel, ufunguo wanao nani?"

"Mkurugenzi, fundi mkuu, mlinzi wa moto, na mimi."

"Na hayo mekundu rafuni, juu yako?"

"Ya zamani. Ninatunza moja kwa kila msimu, la ufunguzi. Thelathini na manne. Mkurugenzi anasema ni mavumbi, mimi namwambia ni maisha yangu."

"Unamshuku nani?"

"Simshuku mtu."

"Mkurugenzi anamshuku Kosanke."

"Mkurugenzi alipotewa na sauti, sasa anapotewa na akili." Alisema kwa ukali hata fundi mmoja akageuka. "Yule mtu nusura afe jana. Ana haki ya kupiga kelele. Andika hivyo hivyo, Inspekta, usipunguze."

Lohse aliandika hivyo hivyo.

Hakukuwa na haja ya kumtafuta Kosanke. Alikuja mwenyewe, saa nne kasorobo, mwekundu kwa hasira, kofia yake ya kijani inachuruzika maji kama paa bovu. Mji wetu ni mdogo. Kwa mwokaji mikate alikuwa ameshaambiwa kwamba yeye ni mwizi.

"Nani anasema nimeiba?" alinguruma mbele ya kibanda cha Pagel. "Miaka ishirini na saba nimechora mistari ya dhahabu kwenye visahani, sijatoka kiwandani hata na kijiko!"

"Leo saa kumi na mbili na dakika arobaini ulikuwa wapi?" akauliza Lohse.

"Nyumbani. Nachemsha yai."

"Shahidi?"

"Yai. Nimelila."

Mzee Pagel alicheka, kisha akakumbuka kwamba hali ni mbaya, akanyamaza.

"Njoo unionyeshe ulipokuwa umesimama jana," Lohse akasema.

Kosanke hakungoja kuongozwa. Alitangulia kwenye ujia, akasukuma mlango mzito, akapanda jukwaani moja kwa moja, koti mwilini, kofia kichwani, anapiga mluzi kwa meno ili hasira isimpasue. Alifika katikati. Hapo ndipo spika zote za jumba zilipolia kwa sauti ile tunayoijua.

"Bwana Kosanke! Kofia! Na huo mluzi, wewe mwanamume!"

Kosanke aliruka, akavua kofia upesi. "Nasahau! Kila siku nasahau! Nimeambiwa mara ishirini!"

"Ishirini na sita," akasema Mzee Pagel, aliyewafuata kwa udaku wake. "Nahesabu."

Lohse alikuwa amesimama ukingoni mwa jukwaa, palepale aliposimama yule mtu wa kwenye picha. "Mzee, kofia ina nini?"

"Wewe nawe! Nguo zako za nyumbani, koti na kofia, hazivuki jukwaa. Mtu akipita hapa amevaa kofia na koti ni kama anaaga, kama vile watu wanahama. Anaita mkosi, jumba lifungwe. Sisi humu hata mtu awe anaungua moto, atavua kwanza."

"Na usipoonwa na mtu? Gizani, peke yako?"

Pagel alimkazia macho, ameudhika kwa dhati. "Mkosi unahitaji shahidi?"

Lohse alifunga daftari lake la shule. Akamtazama Kosanke, ambaye kwa kujisahau alikuwa ameshaivaa kofia tena.

"Ishirini na saba," akasema Pagel.

"Bwana Kosanke, nenda kantini ukanywe kahawa," akasema Lohse. "Aliyechukua daftari si wewe. Alikuwa na haraka, alikuwa na hofu, hakuna aliyemwona, na bado alivua. Wewe unasahau mchana kweupe ukiwa na spika kichwani."

"Sasa ni nani?"

"Mtu asiyetaka jumba hili lifungwe."

Kosanke alikuna kichwa chini ya kofia. "Basi kwa nini aibe kitu kitakacholifunga?"

"Ndilo swali hilo. Nenda kantini."

Wenye ufunguo wa pembeni walikuwa wanne. Achterberg hakuhitaji kuiba. Angeahirisha onyesho kwa barua moja. Mlinzi wa moto alikuwa zamu hospitalini tangu jana. Fundi mkuu, kwa maneno ya Pagel, ana goti bovu na anachechemea kama meza yenye mguu mfupi, na mtu wa kwenye picha alitembea vizuri. Tena alitembea bila tochi, kwenye sakafu yenye nyaya na matundu, akafika moja kwa moja kwenye daftari. Lohse alikaa kibandani mwa Pagel, akapiga chapa maelezo ya Bi Tschirner kwenye kompyuta yake ndogo, akaomba mashine ya Pagel iyachape. Kabla ya kuyachapa alibadilisha maneno mawili. Pagel, aliyekuwa akichungulia begani kwake, alifungua mdomo.

"Hapo umekosea, Inspekta. Ni..."

"Najua, Mzee. Nyamaza kama umetemewa heri."

Alirudi mezani kwa Bi Tschirner. "Soma kwa makini, kisha tia sahihi. Kama nimekosea neno, nirekebishe."

Bi Tschirner alivaa miwani. Aliisogeza karatasi chini ya taa, akaiinamisha kidogo, akapitisha kidole mstari kwa mstari, polepole, hadi mwisho. Pembeni mwa meza kulikuwa na taa mpya kali kuliko zile nyingine, na penseli nene za seremala. Lohse aliviona vyote viwili.

"Ni sawa kabisa," akasema Bi Tschirner. Akatia sahihi, nusu juu ya mstari, nusu juu ya maandishi.

Lohse hakuichukua karatasi. Alivuta kiti akakaa karibu, magoti yao yakigusana, akaongea chini kwa chini, kwa sababu mafundi walikuwa karibu.

"Bi Roswitha, nimeandika hapa daftari lilikuwa la kijani. Nimeandika unamshuku Kosanke."

Mwanamke yule hakusogea. Miwani ilibaki puani, na macho nyuma yake yalikuwa yanatazama kando kidogo ya uso wa Lohse, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Usingeacha hilo la Kosanke lipite," Lohse akaendelea. "Muda mfupi uliopita umemtetea kwa nguvu. Umepitisha kwa sababu hukuliona. Tangu lini?"

Juu yao mnyororo uligonga chuma, fundi akatukana, kukatulia.

"Tangu Machi," akasema mwishowe. "Katikati pameingia doa. Pembeni naona. Wewe naona masikio yako. Daktari anasema halirudi nyuma hilo, linaongezeka tu."

"Na boriti ya jana?"

"Namba themanini na tatu ilikuwa taa. Themanini na nane ni boriti. Niliona nane ya mwanzo, tarakimu ya pili nikaibahatisha." Sauti ile ya spika ilikuwa imekuwa ndogo mno. "Nikabonyeza. Nikasikia watu wanapiga yowe. Ningemuua yule mtu, Inspekta. Kwa ubishi wangu, kwa kutotaka kusema, ningemuua mbele ya wenzake."

"Ukachukua daftari ili wasianze."

"Nilitaka wiki mbili tu! Wangeahirisha, ningejifunza zote kwa moyo, mia mbili na kumi na mbili, nisihitaji macho. Sikufikiria madiwani. Sikufikiria kwamba kofia yangu ya mvua ingewafanya wamshike Kosanke. Nilifikiria ile boriti. Nilikuwa nimeshaamua kusema leo, mchana, nakuapia. Kila mtu aliyepita nilitaka kumwambia, ulimi haukutoka."

Mficha maradhi, wanasema, kifo kitamuumbua. Na hapa nusura kiwe kifo cha mtu mwingine. Lohse hakumwambia hivyo. Alisimama, akahesabu kwa kidole migongo myekundu rafuni, kuanzia kushoto.

"Thelathini na tano," akasema.

"Sijawahi kutupa hata moja," akajibu Bi Tschirner, akaanza kulia waziwazi, bila kujifuta. "Ningelitupa vipi?"

Ofisini kwa Achterberg walikuwa wanne: Mkurugenzi, Inspekta, Bi Tschirner, na Kosanke, ambaye Lohse alisisitiza aitwe. Daftari jekundu lilikuwa mezani. Bi Tschirner alisema yote mwenyewe, amesimama, hakupunguza. Achterberg alimsikiliza, akajaribu kupiga kelele, sauti ikamkatalia.

"Wizi haupo," akasema Lohse. "Daftari halijatoka ndani ya jengo hili, na mwenye kuliandika ni yeye. Mkurugenzi akifuta malalamiko, naufunga upande huo. Lakini boriti ni jambo lingine. Bwana Kosanke, ukitaka, naandika shauri la uzembe sasa hivi. Ni haki yako, na hakuna atakayekulaumu."

Wote walimgeukia. Kosanke alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili, anaizungusha ukingo.

"Utaendelea kukaa kwenye ile meza?" alimwuliza Bi Tschirner.

"Hapana. Nimekwisha. Atafutwe mwingine."

"Kabla ya Jumamosi?" akanong'ona Achterberg. "Mchezo huu anaujua nani zaidi yake? Mtu mpya anahitaji wiki tatu. Ni heri niwapigie madiwani leo, niwaambie wafunge tu."

Kosanke aliendelea kuizungusha kofia. "Mnajua mimi kwenye mchezo nasimulia nini?"

"Bwana Kosanke, huu si wakati..."

"Nasimulia mkono wangu." Aliunyosha ule wa kulia, vidole vinatetemeka kidogo. "Mwaka wa ishirini na moja kazini ulianza hivi. Mstari wa dhahabu hauhitaji mkono wa namna hii. Mwenzangu wa benchi, Waltraud, aliona. Hakusema neno. Akawa anachukua visahani vyangu anavimalizia, mimi nachora vyake visivyo na dhahabu. Miaka sita. Msimamizi hakujua mpaka kiwanda kinafungwa. Na mimi," alisafisha koo, "mimi sikuwahi kumshukuru, kwa kuwa kumshukuru kungekuwa kukiri. Sasa yuko kaburini. Ndiyo maana nilikubali kupanda jukwaani kwenu, kwa umri huu, kuchekwa na Pagel."

Aliurudisha mkono kwenye kofia.

"Mkono wangu mbovu," akasema Kosanke, "lakini macho ni ya mchoraji. Naona unywele kwenye kikombe hatua tatu. Weka kiti changu pale mezani. Mimi nitasoma namba, yeye abonyeze. Hadithi yangu nitaisema hapohapo kwenye kile kipaza sauti chake. Isipokuwa kama mna kazi nyingine ya kunipa, mbali na wizi."

Bi Tschirner alishika ukingo wa meza. "Wewe? Nusura nikuue."

"Ndiyo maana. Nani mwingine humu atakuwa macho kuliko mimi?"

Fundi mkuu alikataa kwanza. Akakubali wajaribu. Ijumaa walipitia mchezo mzima mara mbili, asubuhi na alasiri, na hakuna boriti iliyoshuka kabla ya zamu yake. Alasiri ile fundi alisema, "Haya," neno moja, akaenda zake. Lohse aliandika ripoti ya kurasa mbili, ya tatu, ile ya shauri la uzembe, akaichana.

Jumamosi, saa moja na robo jioni, foleni ilikuwa imefika hadi kwenye daraja. Madiwani walikuwa safu ya tatu, nyuso zimekunjwa. Lohse hakwenda moja kwa moja kwenye kiti chake. Alipita mlango wa nyuma, na Mzee Pagel alipomtemea bega la kushoto mara tatu, alifunga mdomo kabisa. Pagel akamwacha apite hadi nyuma ya jukwaa.

Bi Tschirner alikuwa mezani, daftari limefunguliwa, kiti cha pili kitupu kando yake. Alikuwa amepauka. Vidole vyake vilikuwa vinatafuta vitufe, vinavihesabu, vinarudi mwanzo.

Ng'ambo ya jukwaa alitokea Kosanke, koti la Jumapili, kofia ya kijani. Alifika ukingoni, akasimama. Watu wote arobaini wa kwaya, mafundi, hata jamaa wa juu kwenye boriti zake, walimtazama. Kosanke akavua kofia. Akavua koti. Akavitia mkononi, akavuka hatua kumi na mbili kimyakimya, bila mluzi, akaketi.

"Uko tayari?" aliuliza.

"Naogopa," akasema Bi Tschirner.

"Hata mimi." Kosanke aliinamia bega lake la kushoto. "Ptu. Ptu. Ptu."

Mwanamke yule alifungua mdomo. Lilikuwa limeshafika ulimini, kila mtu aliliona, neno moja dogo ambalo hajawahi kuwa na deni lake kubwa namna ile kwa mtu yeyote. Miaka thelathini na nne ya kazi ikamzuia. Alifunga mdomo. Akatafuta kwa mkono kidole cha Kosanke kilichokuwa juu ya ishara namba moja, kinatetemeka, akakishika, na hakukiachia mpaka taa zilipozimwa.